Programu za Afya nazo Ziwe na Ratiba kama Meli

Kila mwezi unapofika ukingoni, katika zahanati na vituo vya afya vya Bukoba na Muleba hufanyika kazi ambayo mwananchi wa kawaida haioni, wala haisikii ikitajwa katika mikutano ya hadhara. Muuguzi aliyekuwa zamu mchana kutwa hufungua vitabu vya MTUHA, akahesabu wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa waliopimwa malaria na wale waliokutwa nayo. Kisha hujumlisha na kuandika. Kutoka hapo takwimu hizo huingizwa katika kompyuta. Vipo vituo vinavyoziingiza vyenyewe, na vipo vinavyopeleka makaratasi wilayani. Na kwa wenzetu walioko katika visiwa vya Bumbire, Goziba na Ikuza safari ya karatasi huanzia ndani ya boti. Hesabu hizi ndizo zinazomwambia Mganga Mkuu wa Wilaya wapi malaria imepanda, wapi chanjo zimepungua, na kituo gani kinahitaji dawa kabla ya kingine.

Chombo kinachobeba takwimu hizo nchini mwetu huitwa DHIS2. Mizizi yake iko Afrika ya Kusini, ambako baada ya uchaguzi wa mwaka 1994 wataalamu walitafuta njia ya kuunganisha taarifa za afya zilizokuwa zimetenganishwa na utawala wa ubaguzi wa rangi. Baadaye Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, kiliiandika upya ili itumike kwa njia ya intaneti, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika katika kazi hiyo kwa miaka mingi. Kufikia mwaka 2013 ilikuwa imeenezwa Tanzania Bara nzima. Nayo ni programu huria, maana yake maandishi yake ya ndani yako wazi; mtu yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia bila kulipia leseni. Kwa nchi yenye zahanati nyingi na fedha chache, hiyo ni neema isiyo ndogo.

Lakini kitu kisicholipiwa leseni si kitu kisicho na gharama. Gharama yake huonekana siku toleo jipya linapofika.

Programu haifanani na daraja ambalo likishajengwa linangoja tu kupakwa rangi. Kila mwaka waandishi wake huongeza sehemu mpya, huondoa za zamani, huziba mianya ambayo wezi wa taarifa wangeweza kupitia, na kurekebisha kasoro zilizoripotiwa na watumiaji. Mabadiliko hayo yakikusanywa pamoja na kutolewa huitwa toleo. Na kwa kuwa takwimu za afya za nchi nzima hukusanywa katika seva ya taifa, seva hiyo ikibadilishwa usiku, asubuhi yake karani wa takwimu wa Muleba na mwenzake wa Mtwara wote wawili wanaamkia kitu kipya. Kitufe kilichokuwa kulia kinaweza kuwa kimehamia kushoto. Fomu iliyokuwa ukurasa mmoja inaweza kuwa kurasa mbili. Yule aliyekuwa akitumia simu kuingiza takwimu anaweza kuambiwa kwamba programu ya simu yake imepitwa na wakati, naye yuko mahali ambapo mtandao hupatikana akipanda mlima.

Kwa hiyo swali tunalotaka kulizungumzia leo ni dogo kwa sura lakini ni zito kwa matokeo yake: toleo jipya litoke lini, na nani aambiwe mapema kiasi gani?

Wakazi wa mkoa huu hawahitaji kufundishwa maana ya ratiba. Wazee wetu waliishi kwa ratiba ya meli ya MV Victoria, na meli hiyo iliporejea majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, ikiitwa MV New Victoria, watu walichouliza kwanza ni siku zake za kuondoka. Siku ya meli ikijulikana, mambo mengine yote hupangika kwa kuihesabu kurudi nyuma: siku ya kukata mikungu ya ndizi, siku ya kutafuta gari, saa ya kufika bandarini Bukoba au Kemondo. Na mwenye mzigo ambao haukuwahi hawezi kumwomba nahodha aishikilie meli mpaka kesho kwa sababu ndizi zake bado ziko kibanjani Kamachumu. Mzigo huo unangoja safari ijayo. Anaumia mtu mmoja, na mamia wanafika Mwanza kwa wakati wao.

Waandishi wa programu huria waligawanyika kwa muda mrefu juu ya jambo hili. Kundi moja lilishikilia kwamba toleo litoke pale kazi yote iliyokusudiwa itakapokamilika, na kabla ya hapo asiulizwe mtu tarehe. Kundi la pili likasema tarehe itangulie. Kilichokamilika kabla ya tarehe kiingie, na kisichokamilika kingoje toleo linalofuata. Kwa macho ya haraka kundi la kwanza linaonekana kuwa ndilo lenye uangalifu, na mithali ya haraka haraka haina baraka imekuwa ikitumiwa sana kulitetea. Mambo yaliyotokea yanaonyesha vingine.

Tuchukue mfano wa Debian, mojawapo ya mikusanyo mikubwa ya programu huria duniani, inayotegemea kazi ya kujitolea. Toleo lake la 3.0 lilitoka Julai 2002. Toleo la 3.1 likaja Juni 2005, karibu miaka mitatu baadaye. Katika kipindi hicho kompyuta mpya ziliingia madukani ambazo toleo la zamani halikuzitambua, na watumiaji hawakujua kama wangoje mwezi mmoja au mwaka mmoja. Ubaya wa kungoja kazi ikamilike ni kwamba kazi yenyewe haikamiliki. Kila mwandishi anayeona toleo linachelewa husema, basi nami niongeze langu kwa kuwa nafasi bado ipo. Na langu hilo huleta kasoro zake, na kasoro hizo huchelewesha toleo zaidi. Tangu wakati huo Debian imejitahidi kutoa toleo kila baada ya miaka miwili hivi, na imekaribia sana kufaulu: la 11 lilitoka Agosti 2021, la 12 Juni 2023, na la 13 Agosti 2025.

Wenzao wa GNOME, wanaotengeneza sura ya kompyuta ambayo mtumiaji huiona anapoiwasha, walikuwa wamekwisha kugeuka mapema zaidi. Baada ya toleo lao la 2.0 la Juni 2002 waliamua kutoa toleo kila miezi sita. Ubuntu, iliyoanzishwa na Ndugu Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, ikafuata mwendo huo huo tangu Oktoba 2004: Aprili na Oktoba, mwaka hadi mwaka. Mwaka 2006 walichelewa mara moja. Toleo lililopaswa kutoka Aprili lilitoka Juni, kwa kuwa lilikusudiwa kutunzwa kwa miaka mingi kuliko yaliyotangulia na walitaka kulipima zaidi. Hata hivyo waliitangaza tarehe mpya kabla ya ile ya zamani kupita, na waliishika. Sisi hatuoni aibu katika kuchelewa kwa namna hiyo. Meli ikiahirishwa na abiria wakaambiwa wangali nyumbani, hakuna anayelala gatini na watoto.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza, je, tarehe peke yake inatosha kuleta nidhamu? Haitoshi. Kazi yenyewe imo katika hatua zinazotangulia tarehe, na hapa ndipo mipango mingi huharibika. Ratiba njema huhesabiwa kutoka mwisho kuja mwanzo. Ikiwa toleo litatoka mwishoni mwa mwezi wa sita, basi mapema zaidi huwekwa siku ambayo mlango wa kuongeza mambo mapya unafungwa, na baada ya siku hiyo hakuna kinachopokelewa isipokuwa marekebisho ya kasoro. Baada yake hufungwa mlango wa maneno: sentensi zote zinazoonekana kwenye kioo cha kompyuta haziguswi tena, ili wafasiri wapate nafasi ya kuzitia katika lugha zao. Kisha hutolewa toleo la majaribio, likapewa watumiaji wa kweli walipige na walitikise. Kiini cha Linux kinatengenezwa na maelfu ya watu wasioonana, nacho hutolewa kila baada ya wiki 9 au 10: mlango wa mambo mapya hufunguliwa wiki 2 tu, na wiki zote zilizobaki ni za kurekebisha. Atakayekosa wiki hizo mbili anajua kwamba mlango utafunguliwa tena baada ya miezi miwili na kitu, kwa hiyo hagombani na mtu. Hili la kutogombana ni faida ambayo haitajwi mara nyingi, nasi tunaihesabu kuwa kubwa kuliko nyingine zote. Palipo na ratiba, kumwambia mwenzako kuwa kazi yake bado haijaiva si kumfukuza.

Tukirudi kwenye chombo chetu. DHIS2 ilipokuwa changa ilitoa matoleo kwa kasi. Mwaka 2014, kwa mfano, yalitoka kwa mwendo wa karibu moja kwa kila robo mwaka. Kwa wataalamu wa Oslo hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Kwa wilaya lilikuwa mzigo, maana hakuna halmashauri inayoweza kuwafundisha watumishi wake upya kila baada ya miezi mitatu. Baadaye yalipunguzwa yakawa mawili kwa mwaka, na tangu mwaka 2023 toleo kubwa limekuwa likitoka mara moja kwa mwaka: la 40 mwaka 2023, la 41 mwaka 2024, la 42 mwaka 2025. Katikati hutolewa viraka vya kurekebisha kasoro. Wenye programu wamesema pia kwamba wanayatunza matoleo matatu ya mwisho. Anayebaki nyuma ya hayo hapati kiraka.

Tunaunga mkono mwendo huo wa mara moja kwa mwaka, na tunausifu kwa sababu unafanana na uwezo wa watu wanaoitumia programu. Lakini kutoka kwa toleo huko Oslo na kuingia kwake Muleba ni mambo mawili tofauti. La kwanza hatuna mamlaka nalo. La pili ni letu wenyewe, na ratiba yake haina budi iandikwe hapa nchini, kwa kalenda ya hapa.

Kalenda ya hapa ikoje? Nusu ya kwanza ya kila mwezi ni ya kukusanya na kuingiza taarifa za mwezi uliopita. Anayebadilisha chombo siku hizo anamvua mkulima jembe katikati ya tuta. Mvua za masika katika mwambao wa Bukoba huanza Machi, na Aprili hunyesha kama zilivyozoea kunyesha, pamoja na radi zake zinazojulikana kwa kukata umeme na kuunguza mashine. Mwezi Juni maofisa wote wa halmashauri wanafunga hesabu za mwaka wa fedha. Oktoba hadi Desemba mvua zinarudi, na Novemba, tukubali ukweli, mtu hupata taabu kumketisha Mhaya darasani jioni ambayo senene wametua. Linabaki dirisha la kiangazi, baada ya bajeti mpya kuanza Julai. Wiki ya tatu ya Agosti ingefaa: taarifa za Julai zimekwisha kuingizwa, barabara ni kavu, ziwa kwa kawaida linapitika, na fedha za mafunzo, kama zilipangwa, zimeanza kupatikana.

Wala si lazima nchi ichukue toleo lililotoka juzi. Busara ni kuchukua lile lililokwisha kukaa nje miezi kadhaa na kupata viraka vyake vya kwanza, hata kama ni la mwaka uliopita, mradi halijaanguka nje ya yale matatu yanayotunzwa. Mwenye kusubiri kiasi hicho hakosi kitu cha maana, na anaepushwa na kasoro ambazo wengine wamekwisha kuzigundua kwa jasho lao.

Wapo watakaotuambia kwamba maradhi hayafuati kalenda. Hilo linajulikana Kagera kuliko mikoa mingi. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba, katika kata za Maruku na Kanyangereko. Waliougua walikuwa 9, na 6 kati yao walifariki dunia kabla ya mlipuko kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 2 Juni mwaka huo. Januari 2025 ugonjwa huo ulizuka tena mkoani, safari hii Biharamulo, ukaisha Machi. Je, tungewaambia waganga wangoje Agosti ndipo wapate fomu ya kuandikisha waliokutana na wagonjwa?

Hapana. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba ratiba ya matoleo iwe na mlango wa pili ulio wazi usiku na mchana, nao usichanganywe na ule wa kwanza. Katika programu kama DHIS2 fomu mpya inaweza kutengenezwa na kuwekwa bila kugusa toleo lenyewe. Mwezi Januari 2020, ugonjwa wa Korona ulipoanza kuenea kutoka China, wataalamu wa Sri Lanka walitengeneza ndani ya siku chache utaratibu wa kufuatilia wasafiri waliokuwa wakiingia nchini mwao, wakitumia programu hii hii, na nchi nyingine zikauchukua. Waliweza kwa sababu msingi waliojenga juu yake ulikuwa umetulia. Vile vile kuna mianya ya usalama. Desemba 2021 ilipogunduliwa kasoro kubwa katika Log4j, kipande kidogo kinachotumiwa ndani ya programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya Java, hakuna aliyeuliza toleo lijalo ni lini; viraka vilitoka kwa siku, vingine kwa saa. Tatizo huja pale ambapo mtu anataka kupitisha kwenye mlango wa dharura jambo ambalo si la dharura, kwa kuwa tu mkubwa fulani analitaka kabla ya ziara. Kiraka kiwe kiraka. Kikianza kubeba sura mpya na vitufe vipya, karani wa Rubya atajifunza kuviogopa viraka vyote, na siku ya Log4j nyingine atakawia kukiweka kile kimoja kilichokuwa na maana.

Jambo la lugha nalo lisisahaulike. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya fahari, na ilikuwa imejengwa juu ya toleo la 1.1.3 la OpenOffice. Oktoba 2005, kabla hata ya mwaka kutimia, OpenOffice ilitoa toleo la 2.0. Mfasiri wa lugha yetu hufika nyumbani akiwa amechoka, akakuta nyumba imehamishwa. Kwake yeye siku ya kufunga mlango wa maneno ni muhimu kuliko siku ya toleo lenyewe, kwa kuwa akiijua miezi mitatu mbele anaweza kuwaita wenzake, wakagawana maneno, wakabishana juu ya istilahi na kumaliza. Asipoijua, watumishi wetu wataendelea kusoma vitufe vya Kiingereza na kubahatisha.

Na hapa tunawageukia vijana wa Bukoba waliosomea kompyuta, ambao wengi wao hutumia jioni zao kulalamika kwamba kazi hakuna. Katika programu huria hakuna anayeomba barua ya utambulisho. Toleo la majaribio likitangazwa, kijana wa Kashai mwenye kompyuta moja anaweza kulifungua, akalijaribu kwa mtandao wa taratibu kama ule wa Goziba, na akaandika kasoro aliyoiona. Waandishi wa Oslo watamjibu kama wanavyomjibu mtu mwingine yeyote. Lakini ili afanye hivyo ni sharti ajue lini majaribio yanaanza na lini yanafungwa. Kasoro iliyoripotiwa siku moja baada ya mlango kufungwa huenda ikalikosa toleo hilo na kungoja kiraka.

Tunapendekeza pia kwamba Wilaya ya Muleba ifanywe mahali pa kujaribia kila toleo kabla ya nchi nzima. Sababu zetu si za upendeleo, ingawa hatukatai kwamba ni wilaya tunayoipenda. Muleba ina hospitali za madhehebu za Rubya, Kagondo na Ndolage pamoja na vituo vya Serikali. Ina visiwa, ina milima, ina vituo vilivyo kando ya barabara kuu ya lami na vingine ambavyo hata pikipiki huviendea kwa kusitasita. Watu wake wamekwisha kuzoea kuhesabiwa kwa makini, maana ndiko ulikofanyika utafiti wa vyandarua vyenye kiambato cha PBO uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet, na ambao ulisaidia kubadili ushauri unaotolewa duniani juu ya vyandarua. Toleo likipita Muleba kwa mwezi mmoja bila malalamiko, haitakuwa rahisi likwame kwingine.

Kwa Wizara ya Afya ombi letu ni moja: tarehe ya kubadilisha seva ya taifa itangazwe miezi mitatu kabla, pamoja na picha za kurasa zitakazobadilika, na ikiwa itaahirishwa, tangazo la kuahirisha litoke kabla ya siku yenyewe. Kwa Halmashauri za Bukoba na Muleba, tunaomba siku mbili za mafunzo kwa makarani na wauguzi ziwekwe kwenye mpango wa mwaka kama zinavyowekwa siku za chanjo, zisitegemee fedha zitakazobaki. Tarehe hiyo ibandikwe ukutani katika kila kituo, karibu na kalenda ya kliniki, mahali ambapo muuguzi wa zamu ataiona. Na mafuta ya boti ya kwenda Bumbire, Goziba na Ikuza yaandikwe katika bajeti ile ile, chini ya kifungu kile kile cha mafunzo, ili mkufunzi asije akaishia Kemondo.